Meli Zilizosubiri Ubao Mmoja

Sanduku lile lililetwa kwangu Tudor kwa tuktuk, Jumamosi moja baada ya Adhuhuri, limefungwa kwa kamba ya katani na kufunikwa leso kuukuu. Dereva alinipandishia mpaka ghorofa ya tatu, akaliweka mezani, akafuta jasho, kisha akaniuliza kama ndani mna ndege. Nikamwuliza kwa nini. Akasema njia nzima kutoka Mji wa Kale alisikia kitu kikitembea mle ndani, kinakwenda huku na kurudi kule kila alipokata kona. Nikacheka, nikamwambia ni meli tu. Alinitazama kama mtu aliyedanganywa, akashuka ngazi haraka.

Mimi nami, rafiki yangu, kicheko kilinikauka alipoondoka. Nilijua ni meli gani. Juma lile binti wa jirani yetu wa zamani alikuwa amenipigia simu kuniambia kwamba nyumba ya marehemu babake inahamwa, na kwamba meli zote anazirudisha kwa wenyewe. Moja ni yako, aliniambia, imekaa sana kwetu na wadudu washaanza kuila. Nikamshukuru kama kawaida. Sikumwambia kwamba kwa miaka ishirini na mitano, kila nikienda kumzuru bibi yangu, nilikuwa nikizungukia mtaa mwingine ili nisipite chini ya dirisha lao.

Labda nikueleze kwanza mimi ni nani. Nafundisha uchoraji wa kompyuta kwenye chuo kimoja cha ufundi, na nikitoka kazini burudani yangu ni kuunda meli ndogo. Wengine hupika keki, wengine hutazama tamthilia. Mimi huchora taruma, zile mbavu za meli, moja baada ya moja kwenye kompyuta, nikazikata kwa mashine ya leza, nikazibandika jikoni huku chai ikipoa. Watu hunisifu kwa subira. Wakiniuliza nilijifunzia wapi, huwa nawajibu nimejifunza kwenye mtandao. Huo ni uongo. Nilijifunza kwa karani.

Karani alikuwa jirani wa bibi, kwenye kichochoro chembamba kiasi kwamba wanawake wa nyumba mbili waliweza kupokezana bakuli la mbaazi dirishani bila yeyote kutia mguu nje. Miaka yake yote ya kazi aliitumia Kilindini akihesabu shehena zinazoshuka na zinazopanda, na alipostaafu hakujua kuacha kuhesabu. Alihesabu ngazi akipanda. Alihesabu kaimati sahanini kabla ya kula hata moja, na akiona imepungua alinikazia macho mimi. Alikuwa mkali, hakupenda maneno mengi, na nyuma ya sikio lake la kulia kulikaa kipande cha penseli mchana kutwa. Bibi alikuwa akisema hata akioga hakitoi.

Chumba chake cha juu ndicho kilichokuwa karakana. Mbao alizipata kwenye masanduku ya chai yaliyovunjika, nyepesi na zenye harufu ya majani makavu ambayo haikuisha hata baada ya kupakwa rangi. Alikuwa na msumeno wenye uzi mwembamba wa chuma, jiriwa ndogo ya kubania mbao iliyofungwa ukingoni mwa meza, nyembe, misasa aliyoipanga kwa ukali wake, na koleo la kunyolea nyusi alilomnyang'anya binti yake. Rangi nyekundu ya tumbo la meli ilikuwa rangi ya kucha, pia ya binti yake. Kamba za sitahani zilikuwa uzi wa cherehani uliopitishwa kwenye nta. Mimi nilipofika miaka minane nilikuwa nikimaliza kukuna nazi na kufagia ukumbi, nikanawa mikono, nikavuka kichochoro na kupanda kwake. Kila siku maneno yake yalikuwa yale yale.

"Ingia, fundi wangu. Mlango taratibu. Zimelala."

Kisha yeye mwenyewe, aliyeniambia zimelala, alizitolea salamu. Aligeukia rafu na kusema, "Salaam alaikum," kwa sauti ya mtu anayeingia kwenye nyumba yenye watu, akatulia kidogo kama anayepisha jibu, halafu ndipo akaketi. Sikuliona kuwa jambo la ajabu. Mtoto huzoea anachokikuta.

Sasa nikwambie desturi yenyewe, maana bila hiyo hutanielewa. Mtaani kwetu nyumba nyingi zilikuwa na baharia. Si wavuvi, nasema mabaharia wa meli kubwa za chuma, waliojiandikisha kwa mwaka mzima na kuonekana kwenye picha wamevaa makoti mazito mbele ya bandari zenye ukungu. Mtu alipoondoka, watu wake walimwendea karani, wakamtajia meli, naye kama hakuiona kwa macho aliulizia kwa wenzake wa zamani bandarini mpaka akaijua urefu, upana na rangi ya bomba lake la moshi. Aliiunda yote. Ila ubao mmoja wa ubavuni, mfupi kama kidole changu cha mwisho, hakuutia. Aliuweka kwenye kopo la maziwa ya unga, umeandikwa kwa penseli, na meli ikabaki na tundu. Mwenyewe aliporudi safari, kabla hata hajaanza kugawa zawadi, alipanda kwa karani, akapewa kahawa na kipande cha halwa, akautia ule ubao kwa mkono wake. Hapo meli ilikwisha, ikachukuliwa nyumbani kwake kuwekwa juu ya kabati.

Ndani ya kila meli karani alitumbukiza karatasi aliyoikunja: meli fulani, baharia fulani, siku aliyotoka, na kinachopungua ni ubao mmoja. Hakuweza kuacha kitu kipite mkononi mwake bila kuandikwa. Na nilipomwuliza kwa nini asiutie tu ule ubao akamaliza kazi yake, aliniangalia juu ya miwani.

"Meli ya mtu alo safarini haimalizwi na mtu mwengine. Mwenyewe yuwaja."

Kwa hiyo kwenye rafu zilikaa meli zenye matundu tu, ishirini hivi, zote zimeelekezwa mlangoni. Na ziliimba. Sijui niseme vipi neno lingine. Wakati wa kusi, hasa ile saa ya mchana ambapo mji unanyamaza, watu wamekula wali na wamejinyoosha, na hata muuza kahawa ameacha kugonganisha vikombe, upepo uliingia dirishani na kupita kwenye yale matundu, na kila meli ikatoa uvumi wake. Moja ilikuwa nzito kama mtu anayenung'unika usingizini. Nyingine nyembamba. Karani alizijua zote bila kutazama. Ilikuwepo moja kwenye pembe, nyeusi kwa uzee, ambayo mwenyewe hakurudi tangu karani angali kijana. Mjane wake alikuja kila Ijumaa kuipangusa vumbi, akaketi kitako akaisikiliza, akaenda zake. Tulikatazwa kabisa kupiga mbinja mle chumbani. Karani alisema ni adabu mbaya kuingilia mazungumzo ya watu.

Meli ya baba ilikaa rafu ya pili, karibu na dirisha. Ilikuwa na tumbo jekundu, sitaha ya kijani, nyumba nyeupe huku nyuma, na niliisugua msasa mimi mwenyewe mpaka vidole vikaota sugu. Uvumi wake ulikuwa wa katikati, haupandi wala haushuki. Nilikuwa nikiketi chini yake nikila mahamri na kujihisi kwamba baba yuko chumba cha pili. Baba hakuwa mtu wa maneno. Alipokuwa nyumbani alivuma hivyo hivyo akinyoa ndevu, kinywa kimefumbwa, bila wimbo wowote unaojulikana. Nadhani ndiyo sababu sikuiogopa meli ile. Ilikuwa ikifanya anachofanya yeye.

Aliahidi kuja kabla ya Idi. Mwezi wa Ramadhani ukaingia, ukafika nusu, na kila nikiuliza nyumbani naambiwa karibu, karibu. Mama alikuwa ameshashona shela jipya. Basi nikaanza kufikiri, na fikira za mtoto wa miaka tisa ni kitu cha hatari. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mabaharia wawili watatu wakitia ubao. Kila mara ubao ulipoingia, baba wa mtu alikuwa yuko nyumbani. Haikutokea hata siku moja ubao ukaingia na baba asiwepo. Nikaligeuza jambo lile kama mtu anavyogeuza kanzu: nikautia ubao, baba atakuwa amefika.

Ilikuwa Alhamisi. Siku tatu kabla yake, Jumatatu, karani alikuwa amefanya jambo asilolizoea: baada ya kufuturu alikuja kwetu na sahani ya halwa, akaketi barazani kwa bibi, akazungumzia bei ya samaki na uhaba wa maji, akaaga. Bibi alisema, "Huyu leo ana lake." Hakuna aliyefuatilia. Na Alhamisi yenyewe, ilipoadhiniwa Alasiri, alisimama akatia viatu na kuniacha peke yangu na vyombo vyake, kama alivyokuwa ameniacha mara nyingi, kwa kuwa aliniamini.

Nilishusha kopo. Nikautafuta ubao wetu, nikaupaka gundi kwa ncha ya kijiti kama alivyonifundisha, kidogo, isimwagike. Nikaubonyeza tunduni kwa dole gumba nikahesabu mpaka mia. Upepo ulikuwa ukiingia, nyingine zote zilikuwa zikivuma, na meli ya baba ikavuma chini ya kidole changu, ikapungua, ikapungua, ikanyamaza.

Niliondoka mbio kwa furaha. Nakwambia kweli, kwa furaha. Nilikwenda kukaa kizingitini nikitazama mwanzo wa kichochoro, nikingoja koti lake.

Jumamosi asubuhi ndipo walipokuja watu wawili wa wakala wa meli, viatu vimeng'aa, wakaomba kuonana na mama mbele ya mwanamume wa nyumba. Baba hakuwepo mabaharia walipohesabiwa asubuhi. Ndivyo walivyosema. Alikuwa zamu ya usiku, na kulipokucha kikombe chake kilikuwa sitahani na yeye hayupo, na bahari ilikuwa shwari. Walimtafuta, wakarudi nyuma, wakazunguka, wakaendelea na safari. Akaswaliwa swala ya ghaibu, mama akakaa eda, wanawake wakajaa nyumbani, na mimi nikajificha nyuma ya mitungi jikoni nikinusa dole gumba langu, kwa maana lilikuwa bado lina harufu ya gundi.

Hakuna aliyenishuku. Hilo ndilo lililonimaliza. Laiti mtu mmoja angenishika sikio akaniuliza umefanya nini, ningesema yote. Badala yake walinipapasa kichwa na kunilisha tende.

Wiki mbili baadaye meli yenyewe iliingia Kilindini, na shehena yake yote, kama ratiba ilivyosema. Bibi alinishika mkono tukaenda ufuoni, upande wa kivuko, ambako meli hupita karibu mpaka unaona madirisha. Ilipita taratibu, kubwa, kimya, tumbo jekundu na nyumba nyeupe, meli yetu ya rafuni iliyokua. Bibi alikuwa akisoma dua. Mimi nilikuwa nikitafuta kitu kimoja tu, na nikakiona: ubavuni, pale pale nilipotia ubao, palikuwa na mlango mdogo wa chuma. Ulikuwa umefungwa. Sasa najua ni mlango wa kupandia rubani wa bandari, meli nyingi zinao. Siku ile nilijua jambo jingine, nikajikojolea pale ufuoni, na bibi akadhani ni huzuni.

Walituletea begi lake. Ndani mlikuwa na kikasha cha tupa ndogo sita za kulainishia mbao, nyembamba kama sindano, pamoja na karatasi yenye jina langu. Ninazo mpaka leo na ndizo ninazofanyia kazi.

Lililonitoa kabisa kwa karani halikuwa hilo. Lilikuwa siku moja ya eda, nilipotumwa dukani kununua sukari, saa ile ile ya mchana. Nilipita chini ya dirisha lake na nikaisikia. Uvumi wa katikati, haupandi wala haushuki. Nikasema nimekosea. Nikapanda ngazi kwa vidole, nikachungulia mlangoni. Chumba hakikuwa na mtu. Meli ya baba ilikuwa mahali pake, ubao wangu umo ubavuni, umeshika sawasawa, na ilikuwa ikivuma. Tundu limezibwa na inavuma. Nilimwona baba yumo mle ndani, gizani, kwenye harufu ya chai, kinywa kimefumbwa, na aliyemfungia ni mimi.

Sikuingia tena nyumba ile. Karani aliniita. Alimtuma binti yake, alimtuma bibi, alituma kashata za nazi zilizofungwa kwenye gazeti, nami nikawatupia mbuzi wa mtaani. Bibi alinigombeza.

"Wende ukamsikize mzee wa watu. Yuwakuita kila uchao. Asema ana neno nawe moja tu."

Nikasema tumbo laniuma. Nilikuwa na tumbo lililouma kwa miaka mitano, mpaka karani akafa. Siku ya maziko nilikaa nje pamoja na wapishi, nikimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyenitaka nivimenye.

Basi fikiria, rafiki yangu, nilivyokuwa Jumamosi ile nikikata kamba ya katani. Meli ilikuwa ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Wadudu walikuwa wameitoboa kila mahali na ukiigusa inaacha unga. Nilipoiinua, kitu kiliviringika ndani, kikagonga upande wa pili. Nikaiweka chini upesi. Dirisha langu linaelekea kijito cha Tudor na kusi lilikuwa linavuma. Na kabla sijaondoa mkono, ikaanza. Dhaifu, mbovu, kama mtu aliyepoteza meno, lakini ile ile.

Mimi ni mwalimu. Nilijiambia ni matundu ya wadudu. Nikafanya kinachofanywa na mtu wa fani yangu akiogopa: nikapima. Niliona kwamba haitamaliza mwaka, nikaamua kuichora yote ili niiunde upya. Niliipiga picha kwa simu kila upande, zaidi ya mia, nikazitia kwenye programu inayozishona pamoja, na kufikia Jumapili mchana meli ya baba ilikuwa ikizunguka kwenye kioo cha kompyuta, ya kijivu, haina rangi wala uzito. Ile yenyewe ilikuwa mezani nyuma yangu, dirishani, ikivuma. Nilikuwa nimeshaizoea kidogo.

Programu hizi zina tabia moja. Hazikubali umbo lenye uwazi. Kwa hesabu zake kitu chenye tundu hakina ndani wala nje, kwa hiyo si kitu, na mashine haiwezi kukikata. Ikanihesabia matundu kumi na matatu, ikayazungushia mstari mwekundu, ikaniuliza kwa Kiingereza chake kama niyazibe. Nikabonyeza ndiyo. La kwanza likazibika. Ndiyo. La pili. Nilikuwa nikibonyeza bila kutazama, kama mtu anayepukuchua mahindi. Nikafika la kumi na tatu, nyuma ya bomba la moshi, chini ya kiwambo cha kukinga upepo, nikabonyeza ndiyo.

Nyuma yangu kukawa kimya.

Labda upepo ulitulia. Mimi ni mwalimu, nasema upepo ulitulia. Lakini pazia lilikuwa likipepea, na dole gumba langu, wallahi, lilinuka gundi. Nikageukia kioo na safari hii nikaangalia nilichokiziba. Matundu kumi na mawili yalikuwa ya mviringo. Lile la mwisho lilikuwa la mraba, lenye pembe safi. Mdudu hatoboi mraba.

Nikabonyeza kutengua. Tundu likafunguka kwenye kioo. Nikahesabu moja, mbili, tatu, na nyuma yangu ikaanza tena.

Nilichukua kurunzi na koleo la nyusi. Tundu lilikuwa la upana wa penseli, limekatwa kwa msumeno wa uzi na kulainishwa kwa msasa, kazi ninayoijua kuliko mwandiko wangu. Nikaiinamisha meli, na kile kitu kilichokuwa kikitembea ndani kikaja chenyewe mpaka mlangoni. Kilikuwa kipande cha penseli. Kimezungushiwa karatasi nyembamba na kufungwa kwa uzi wa cherehani wenye nta.

Nilikuwa sina haja ya kujua mwandiko ni wa nani.

"Jumatatu. Habari zimefika kwangu kutoka bandarini. Sikuweza kuwaambia. Alhamisi, Alasiri, rakaa ya tatu. Meli imenyamaza. Imezibwa na mtoto. Ijumaa. Nimefungua pengine, nyuma. Ubao wake nimeuwacha kwa kuwa umetiwa vizuri. Mtoto hana kosa, mambo yalikuwa yamekwisha. Aambiwe akija. Mwenyewe hajaja."

Soma tena kama nilivyosoma. Rakaa ya tatu. Msikiti uko mitaa miwili kutoka pale, na alikuwa anaswali. Sijapata maelezo ya hilo na siyatafuti.

Nililia mpaka jirani wa chini akapanda kugonga mlango. Nilimlilia baba, lakini baba nimekuwa nikimlilia siku zote. Safari hii nilikuwa namlilia karani. Neno moja tu alikuwa nalo, na alilishika miaka mitano akinituma kashata. Na nitakwambia pia kwamba nilimkasirikia. Angeweza kuvuka kile kichochoro. Angeweza kulisema dirishani, bakuli la mbaazi lilipita pale kila siku. Lakini yeye alikuwa karani: ameandika aambiwe akija, basi alingoja nije.

Juma lililofuata nilipita chini ya dirisha lake, mara ya kwanza tangu utotoni. Chumba cha juu kimepakwa rangi nyeupe na kutiwa kiyoyozi, kwa wageni, na dirisha limezibwa kwa kioo kisichofunguka. Binti yake alinipa kahawa pale chini katikati ya maboksi. Alisema familia nyingi zimezipokea meli zao kwa furaha, wamezisafisha, na wengine wameziba lile tundu kwa kuwa halipendezi. Hakuna aliyewaambia maana yake. Meli ya mjane haikuwa na wa kuichukua. Niliichukua mimi.

Ya baba nimeiunda upya kwa mbao za masanduku ya chai, ambazo siku hizi huzipati hivi hivi, nilizitafuta miezi miwili. Taruma nimezikata kwa leza, kazi iliyobaki nimeifanya kwa zile tupa sita. Ubao wa ubavuni nimeuchora na kuukata peke yake, nikauweka kwenye kopo, umeandikwa kwa penseli. Iko dirishani pamoja na ile ya mjane, zimeelekea mlango, na nikirudi kutoka kazini nazitolea salamu. Uvumi wake si ule hasa. Uko juu kidogo, labda kwa sababu ya gundi mpya.

Wanafunzi wangu wameiona kwenye kompyuta na wakauliza kwa nini mwalimu anaacha umbo bovu namna ile. Kila nikilifungua faili, programu inanionyesha duara lake jekundu na kuniuliza kama nizibe. Nabonyeza hapana. Mwenyewe hajaja.